Meza za klorini kando ya Ziwa Kivu: shajara ya mradi, Goma 2025

2 Februari 2025

Robine (mabomba ya maji) za Goma, mashariki mwa Kongo, zimekauka katika mitaa mingi tangu umeme ulipokatika, kabla hata waasi wa M23 hawajaingia mjini tarehe 27 Januari. Pampu zinazovuta maji ya ziwa na kuyapandisha kwenye matangi ya mji zinategemea umeme. Laini ilipoguswa na mapigano, kila kitu kilisimama. Kwa hiyo mji mzima umeteremkia ziwani. Kituku, Keshero, Himbi na kuendelea hadi upande wa Mugunga, watu wanachota palepale wanapofulia, wanapoogea na wanapooshea pikipiki.

Wenye umri wa kukumbuka hawahitaji kuelezwa. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika hapa, walikunywa ziwa hilihili, wakalala juu ya mwamba huuhuu wa lava usiochimbika choo wala kaburi. Mwezi wa kwanza pekee walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara. Waliokimbia risasi wakauawa na maji.

Uamuzi wa timu: kazi ya vyoo inasimama (mbao hazipatikani na lori halipiti), sote tunahamia ufukweni na meza za klorini. Meza, ndoo ya mchanganyiko, sirinji, mtu mmoja wa kutia dawa katika kila bidoni (dumu la maji) inayotoka majini na mwingine wa kupanga foleni. Hakuna jenereta, hakuna pampu, hakuna kitu chenye bei sokoni. Baada ya maghala ya mashirika mjini kuporwa wiki iliyopita, sifa hiyo ya mwisho ina uzito kuliko zote.

3 Februari

Jaribio la dozi, Keshero, asubuhi kabla ya foleni kuwa ndefu. Tumeyeyusha gramu 15 za unga wa klorini, ule wa asilimia 65 hadi 70, katika lita moja ya maji, tukapata mchanganyiko wa asilimia 1. Ndoo nne za lita 20, maji yaleyale ya ziwa. Ya kwanza tumetia mililita 2, ya pili 4, ya tatu 6, ya nne 8. Tumesubiri nusu saa, kisha kidonge cha DPD, kinachoyapa maji yenye klorini rangi ya waridi, katika kila kipimo, na kuangalia rangi ya waridi inavyopanda.

Ndoo ya kwanza haikuonyesha rangi yoyote; dawa yote imeliwa na uchafu uliomo. Ya pili waridi ya kubahatisha, mpaka uinue kipimo kwenye mwanga ndipo uione. Ya tatu imesoma juu kidogo ya miligramu 0.5 kwa lita. Ya nne imekolea, na mama mmoja aliyekuwa akitutazama tangu mwanzo ameinama, akanusa, akasema: "Papa, hii maji iko na harufu ya hospitali." Tumeisikia hukumu. Mtu akiichukia harufu atamwaga maji yetu na kwenda kuchota yasiyo na dawa hatua chache pembeni, wala hakuna wa kumzuia. Dozi ni 6.

Ziwa hili lina tabia yake. Maji ya juu yana pH (kipimo cha asidi na alkali) ya karibu 9, na klorini hulegea pH ikipita 8: imo majini, kipimo kinaiona, lakini inaua vijidudu polepole. Ule mwongozo wa kusubiri dakika 30 kabla ya kunywa haukuandikwa kwa ajili ya Kivu. Sisi tunasema saa moja nzima. Kumwambia mwenye kiu, mtoto yuko mgongoni, asubiri saa moja si jambo jepesi, ila jiografia ya mji inatusaidia: anayepanda kutoka ziwani hadi Katoyi au Mabanga na bidoni yake, sehemu kubwa ya saa hiyo inaishia njiani.

Bidoni si za ukubwa mmoja. Kuna za 20, za 10, na zile za manjano za lita 5 zilizokuwa za mafuta ya kupikia, ambazo watoto ndio hubeba. Watia dawa wa Keshero wamelimaliza tatizo wenyewe kwa rangi ya kucha: mstari mwekundu kwenye sirinji kwa mililita 6, wa zambarau kwa 3, mweupe kwa 1.5. Asiyejua kusoma namba anafanya kazi sawasawa na anayejua. Meza zote zifuate mtindo huo kuanzia kesho.

5 Februari

Leo ni siku ya pesa, kwa hiyo siku mbaya.

Kwanza hesabu inayofurahisha. Pipa moja la unga lina kilo 45. Kwa gramu 15 kila lita, linatoa lita 3,000 za mchanganyiko. Kwa mililita 6 kila bidoni, hizo ni bidoni 500,000 za lita 20. Hata tukitoa kinachomwagika, na kile kinachopoteza nguvu kikikaa juani, pipa moja linanywesha mtaa mkubwa kwa muda mrefu. Dawa si gharama. Gharama ni mkono unaoshika sirinji tangu alfajiri mpaka jioni, siku zote saba za wiki, kwa sababu kiu haina Jumapili.

Na mkono ndio usiolipika sasa. Benki zote za mji zimefungwa. Mfadhili wetu mkuu alikuwa akipata fedha zake Marekani, ambako Januari 20 misaada ya nje ilisimamishwa kwa siku 90. Barua ya kutuamuru tusimamishe matumizi na vita vyenyewe vilifika Goma katika wiki ileile. Marekani ndiyo iliyokuwa ikibeba sehemu kubwa kuliko yeyote ya misaada ya kibinadamu nchini Kongo, kwa hiyo si sisi peke yetu. Ukizungumza na shirika lolote mjini unakuta hadithi ni ileile, jina tu limebadilika.

Kilichobaki ni mfuko mdogo wa michango ya ndugu walio nje. Inaingia kwa simu, lakini wakala naye hana noti. Aliye nazo anakata asilimia anayotaka. Wenye hati wanavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kutoa dola, wanarudi nazo wamezishonea ndani ya nguo.

Tumekubaliana hivi: kila pesa inayoingia, posho za watia dawa kwanza. Mafuta ya gari, vifurushi vya simu, fulana zenye nembo, vyote vinangoja. Kuna aliyeuliza wafadhili watatuonaje bila nembo. Nimejibu kwamba anayechota maji hachoti nembo.

9 Februari

Jana Dar es Salaam viongozi wa jumuiya za Afrika Mashariki (EAC) na Kusini mwa Afrika (SADC) walikutana. Wametaka vita visimamishwe, uwanja wa ndege wa Goma ufunguliwe na njia za misaada ziachwe wazi. Tumeyapokea kwa matumaini ya wastani. Klorini haipandishwi ndege ovyo hata wakati wa amani, ni mzigo wa hatari, hivyo sisi macho yetu yako barabarani na kwenye boti.

Suala la silaha kwenye foleni limejitokeza Kituku. Watu wenye bunduki walikuja na bidoni zao na kutaka kupita mbele. Yule mama anayepanga foleni, ambaye kazi yake ya kawaida ni kuuza sambaza (samaki wadogo wa ziwani) sokoni hapohapo, hakupandisha sauti. "Baba, maji ni ya wote, dawa ni ya wote. Bunduki ndiyo haina kiu." Mmoja akacheka. Bunduki zikabaki na mwenzao juu barabarani, wengine wakasimama mstarini. Sina hakika kesho itakuwa hivyo, kwa hiyo leo alasiri tulikwenda kwa wakubwa wao kuiweka kanuni hiyo wazi: maji tunamtilia dawa yeyote, awe raia au askari wa upande wowote, ila mwenye silaha haingii ufukweni nayo.

Tulibeba karatasi moja tu, ibara ya 14 ya Itifaki ya Pili ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva, inayokataza kushambulia, kuharibu, kuondoa au kufanya visitumike, kwa lengo la kuwatesa raia kwa njaa, vitu ambavyo hawawezi kuishi bila hivyo. Mitambo na vyanzo vya maji ya kunywa vimetajwa humo kwa jina. Afisa aliisoma mpaka mwisho, akauliza kama maji yetu ni ya bure. Tukasema ndiyo. Akasema basi endeleeni. Mazungumzo yenyewe yalikuwa mafupi kuliko muda tuliokaa kwenye benchi tukisubiri kuonwa.

Niandike na hili: hatupigi picha za watu foleni. Wapo wanaotafutwa na upande huu, wapo wanaotafutwa na ule, na wote wanakunywa maji.

13 Februari

Kambi za waliokimbia vita zinavunjwa. Bulengo waliambiwa wana saa 72 kuondoka, na hali ni ileile katika kambi nyingine za magharibi mwa mji. Baadhi ya watu hawa wapo hapa tangu 2022, walipokimbia Rutshuru. Wengine walitoka Sake, mji mdogo ulio magharibi mwa Goma, mwanzoni mwa 2024. Mei 3, 2024 mabomu yaliwaangukia humohumo kambini, Mugunga na Lac Vert. Sasa wanaambiwa kwao kumetulia, warudi.

Barabara ya Sake imejaa tangu alfajiri. Chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zimepakiwa magodoro, mabati mawili matatu, nguzo za kibanda, kuku amefungwa juu. Mbao za vyoo zimeng'olewa, na kusema kweli nimefurahi kuona hazikuachwa: mtu anayekwenda kuanza upya atazihitaji kuliko sisi tuliozipiga misumari.

Kwa mradi maana yake ni hii. Meza mbili za upande wa Lac Vert hazina tena foleni, na watu waliokuwa wakizitumia wamekwenda kunywa kwenye chemchemi na mito ya Masisi ambako hatuna mtu. Tumezifunga leo. Watia dawa wa meza hizo walikuwa wenyewe wahamiaji wa vita na wameondoka na majirani zao. Tumewalipa posho hadi leo na kuwapa vidonge vya kusafishia maji: kidonge kimoja cha miligramu 67 kwa bidoni ya lita 20. Kwa maji ya chemchemi kinatosha, kwa ziwa ni kidogo. Tumewaambia mara kadhaa wasichanganye kanuni hizi mbili. Mmoja wao, aliyekuwa hodari wa sirinji kuliko wote, ameomba apewe na sirinji yake. Amepewa, pamoja na kichupa cha rangi ya kucha.

20 Februari

Bukavu, mji wa kusini mwa ziwa, nayo imeshaingia mikononi mwa M23. Ghala la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) huko limeporwa, karibu tani 7,000. Mzigo wetu ulikuwa upite Bukavu kisha boti; umesimama.

Goma penyewe robine zimerudi katika baadhi ya mitaa, kwa zamu. Foleni za Himbi zimepungua sana. Za Kituku hazijapungua hata kidogo.

6 Machi

Tumeanza kupima majumbani. Hapa ndipo kazi inapoonyesha sura yake halisi, kwa sababu dawa ikisomeka vizuri ufukweni haina maana kama imekwisha bidoni ilipofika jikoni.

Tulifuatana na wachotaji hadi nyumbani kwao, kwa ruhusa, tukapima maji yaliyolala. Nyumba zenye bidoni safi, asubuhi ya pili bado waridi inaonekana, 0.2 au zaidi. Nyumba nyingine hakuna kitu kabisa. Mchotaji mmoja, dozi moja, saa moja, lakini matokeo mbali kama mbingu na ardhi. Jibu liko ndani ya bidoni: ukimulika tochi mdomoni unaona utando wa kijani umeshika ukutani. Utando huo unakula klorini kabla haijafika kwa kijidudu. Brashi haipiti mdomo wa bidoni, na sabuni ni bei.

Goma lakini ina kokoto za lava za kumwaga, nyeusi, zenye makali. Mkono mmoja wa kokoto ndogo ndani ya bidoni, maji vikombe viwili, dawa kidogo, kisha tikisa. Vijana wa Kituku wameufanya mchezo: wanatikisa kwa mdundo, wawili wawili, wakishindana nani atoe maji machafu zaidi. Yanayotoka mara ya kwanza ni supu. Baada ya kusuuza, dozi ileile ya mililita 6 imeshika mpaka siku ya pili katika bidoni ambazo wiki jana zilisoma sifuri.

Kila meza sasa ina rundo la kokoto pembeni. Bidoni ya kijani haitiwi dawa mpaka itikiswe. Kuna manung'uniko kwamba foleni imekuwa ndefu. Ni kweli, imekuwa ndefu. Watia dawa wamekataa kulegeza, na mimi niko upande wao.

27 Machi

Wauza maji. Tangu mwanzo kulikuwa na hofu kwamba tutagombana nao: vijana wanaochota ziwani, wanapakia bidoni kwenye chukudu au baiskeli na kuuza huko juu mjini. Wapo waliosema tuwakatalie dawa, ati wanafanya biashara na msaada. Mimi naona kinyume. Bibi wa Mabanga asiyeweza kuteremka ziwani hanywi maji yetu, anakunywa maji ya kijana wa chukudu. Ukimkatalia kijana dawa, umemkatalia bibi.

Kwa hiyo wamepewa foleni yao, asubuhi na mapema kabla ya akina mama. Sharti ni kwamba bidoni ziwe zimetikiswa na wasipandishe bei kwa sababu ya dawa. Hili la bei hatuwezi kulisimamia barabarani, lakini wanunuzi wanajua dawa ni bure, wanapiga kelele wenyewe. Tayari kuna wateja huko juu wanaonusa kabla ya kulipa, na maji yasiyo na harufu wanayakataa. Ile harufu ya hospitali iliyotutisha Februari imegeuka kuwa alama ya mali safi.

15 Aprili

Tawi la CADECO, benki ya akiba, limefunguliwa tena mjini mwezi huu, ila halijatusaidia. Fedha zetu hazipiti huko na noti bado ni adimu. Tumepunguza meza. Himbi imefungwa, robine zinatosha. Keshero inabaki na meza moja. Kituku inabaki na zote.

Kutoka Sake tumepata habari kwa simu. Yule mtia dawa aliyeondoka na sirinji yake amekusanya wanawake wa mtaa wake kwenye chemchemi, na vidonge vinakaribia kwisha. Anasema tatizo kubwa si maji. Mashamba yana mabomu ambayo hayajalipuka, na njia ya zamani ya kwenda chemchemi hawaipiti, wanazunguka. Tumempa namba ya wanaoshughulika na mabomu na kumsihi watu wasiguse chuma chochote, hata kama watoto wanasema kinafanana na kile walichokiona kambini na hakikulipuka.

Ombi lake ni pipa dogo la unga na mtu wa kumwonyesha kuchanganya. Tumekubali. Chemchemi ile tutaipima pH kwanza. Dozi ya Kivu isipelekwe Masisi kwa mazoea.

6 Mei

Sake. Maji ya chemchemi ni meupe, pH iko karibu na 7, na ndoo ya mililita 3 ndiyo iliyotoa kipimo tunachotaka. Nusu ya dozi ya ziwa, na dakika 30 zinatosha. Mistari ya sirinji imepakwa upya: nyekundu kwa 3. Ili mtu wa Goma akija Sake asichanganyikiwe, sirinji za Sake zimefungwa kamba ya kitenge kwenye shina.

Mchanganyiko ufanywe kila asubuhi katika ndoo ya plastiki yenye kifuniko, kivulini. Wa jana umwagwe chooni. Unga usikae kwenye chombo cha chuma, wala karibu na petroli au mafuta ya taa, maana vikikutana vinawaka moto. Nyumba iliyotolewa na kanisa kwa ajili ya kuhifadhi ina chumba kimoja chenye dirisha, na pikipiki ya mwenye nyumba hulala humohumo. Pikipiki imehamishiwa barazani. Funguo ziko kwa watu wawili, mmoja wa chemchemi na mmoja wa kanisa.

Posho za Sake zitatoka katika fungu lililokuwa la Himbi hadi mwisho wa Juni. Fungu la Julai halijapatikana. Vidonge vya DPD vilivyobaki vinatosha Kituku pekee, hivyo Sake wapime mara moja kwa wiki, siku ya soko, na watume picha ya kipimo kwa simu.